Papa Télesphore Kaomba na Vumbi Jeupe la Mulimba (1922–1965)

Ndugu waombolezaji, ninyi wa mjini, ninyi mliokuja kwa mitumbwi kutoka Mpala, na ninyi wa mgodi wa Mulimba mliokuja na nguo za kazi kwa sababu zamu haikungoja msiba, familia inawashukuru. Wasifu huu umeandikwa na shemeji wa marehemu, Élisée, mdogo wake mjane, Mama Célestine, na ndiye anayeusoma. Sauti yake ikikwama, mvumilieni. Marehemu mwenyewe alikuwa mtu wa kulia mbele ya watu bila kutafuta leso, na hakuona aibu.

Papa Télesphore Kaomba alizaliwa Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika, tarehe 14 Machi 1922. Baba yake alikuwa mzee Pierre Kaomba, mwashi wa misheni, na mama yake Mama Philomène. Alibatizwa juma lile lile, maana Mama Philomène hakuwa mtu wa kuahirisha jambo. Tangu utoto wake alikuwa mtu wa ndoto. Asubuhi wenzake walipoamka wakiwa na njaa, yeye aliamka na habari ya kusimulia, tena ndefu, uji ukapoa bakulini. Siku moja alisimulia kwamba ziwa limeondoka, na watu wa Mpala wanatembea polepole chini kwenye mchanga, wamebeba taa, kila mmoja akiita jina la mwenzake kwa sauti ya chini. Mama Philomène akamwambia, "Wewe mutoto, kula kwanza. Ziwa litarudi." Aliyependa kumsikiliza hadi mwisho ni mmoja tu, mdogo wake Casimir, aliyezaliwa mwaka wa 1927. Casimir alikaa karibu naye na kuuliza, "Halafu, yaya?" maana kwetu ndivyo mdogo anavyomwita kaka yake. Basi Télesphore akaendelea.

Alisoma katika shule ya misheni kuanzia 1930 hadi 1936. Alijifunza kusoma, hesabu na nyimbo za kanisani, na katika nyimbo alikuwa wa kwanza. Kila mwaka kabla ya Noeli alimsaidia baba yake kuchoma mawe ya chokaa na kuzipaka kuta za kanisa. Alisema kazi hiyo ilimpa furaha asiyoweza kuieleza. Asubuhi ukuta ulikuwa na madoa na moshi wa mishumaa, jioni ulikuwa mweupe tu, nao ulionekana kana kwamba unapumua. Mzee Pierre alimkuta mara nyingi amesimama na burashi mkononi, anautazama ukuta, hafanyi kazi. Alipigiwa kelele, akarudi kwenye ndoo.

Mwaka wa 1941 alikuja mjini kwetu Albertville, ambapo wazee mpaka leo wanapaita Kalemie. Alibeba mizigo bandarini miaka mitatu. Kisha mwaka wa 1944 akaandikwa kazi katika mgodi wa makaa ya mawe wa Mulimba, upande wa mto Lukuga, yanakochimbwa makaa ya kulisha treni. Wengi walikuja Mulimba wakakimbia baada ya juma moja, kwa sababu ya giza. Yeye alilizoea upesi. Alisema giza la chini si kama la usiku wa nje: ni la kale, limelala, nawe unapita ndani yake kwa adabu kama unavyopita chumbani mwa mgeni aliyelala. Mwaka wa 1953 alifanywa kapita, msimamizi wa kundi la wachimbaji. Casimir alikuwa amekwisha kumfuata tangu 1948, kwa sababu pale alipo yaya wake ndipo na yeye alitaka kuwa. Jambo hilo lilimtesa marehemu baadaye kuliko yote.

Tarehe 23 Aprili 1949 alifunga ndoa na Mama Célestine, binti wa fundi wa reli. Siku ya kwanza ya kujitambulisha kwa baba mkwe alikuwa ametoka zamu bila kulala. Alikalishwa kwenye kiti kizuri cha sebuleni, na hotuba ya baba mkwe ilikuwa ndefu. Bwana harusi akasinzia. Kisha akaanza kusema usingizini, kwa sauti ya wazi, kama yuko chini mgodini, "Leteni nguzo, hapa juu panalia." Watu waliangaliana. Mama mkwe alitaka kumwamsha kwa aibu, lakini baba mkwe akamzuia. "Mumuache," alisema. "Muntu mwenye anawaza nguzo hata katika usingizi, nyumba yake haitaanguka." Ndivyo dada yetu alivyoolewa, na mwandishi wa wasifu huu, aliyekuwa mtoto, alipata vipande viwili vya nyama siku hiyo.

Uhuru ulipokuja mwaka wa 1960, watu wa Mulimba walicheza ngoma kama watu wa kila mahali. Juma la pili mainjinia Wazungu waliondoka kwa haraka, wengine wakiacha vikombe mezani. Makaa yaliendelea kuchimbwa, maana treni haikuuliza nani anatawala. Lakini kazi ndogondogo za kutunza njia za chini ziliachwa. Vumbi la makaa, laini na jeusi, lilitulia juu ya nguzo, juu ya reli, juu ya mabega ya watu. Wachimbaji walilikanyaga kimyakimya, wakasema ni laini kama zulia. Hakuna aliyejua kwamba vumbi lile ndilo linalobeba moto.

Siku ya Jumanne, tarehe 17 Oktoba 1961, gesi inayotoka ndani ya makaa ilishika moto mbele kabisa, wanakochimba. Gesi ile ilikuwa kidogo, na peke yake ingeunguza watu wawili watatu. Lakini kishindo chake kiliinua vumbi lote la njiani, na vumbi likawaka hewani. Moto ukakimbia njia nzima hadi karibu na mlango. Walikufa wanaume kumi na tisa. Casimir alikuwa mmoja wao. Papa Télesphore hakuwa zamu siku hiyo. Alikuwa nyumbani amelala, na alisema kishindo alikisikia ndani ya ndoto kabla hakijamwamsha.

Alimbeba mdogo wake mwenyewe, hakukubali asaidiwe. Jioni alikwenda kwa Mama Agathe, mjane wa Casimir, akapiga magoti mlangoni mbele ya watoto watatu. Mama Agathe hakupiga kelele. Alimwambia tu, "Yaya, njo wewe mwenye ulimuleta huku." Papa Télesphore alijibu, "Ni mimi." Kisha akaapa kwamba, Mungu akimpa uhai, hakuna mama mwingine wa Mulimba atakayeletewa mumewe namna ile. Wale waliosikia walidhani ni maneno ya msiba, ambayo hupita na msiba. Watoto watatu aliwahamishia kwake, Mama Agathe akajengewa nyumba nyuma ya nyumba yao, na desturi ya kurithi mjane akaikataa kwa heshima. Aliyeapa hakulala vizuri tena.

Mwezi wa Februari 1962 alikuja injinia mpya, kijana Mbelgiji aliyeitwa Edouard, mwenye Kiswahili cha kuchekesha na moyo mzuri. Huyu ndiye aliyeleta dawa. Wachimbaji walipekuliwa viberiti na tumbaku kabla ya kushuka. Gesi ilipimwa kwa taa kabla ya kupasua mwamba. Na kila njia ya chini ilimwagiwa vumbi la mawe ya chokaa, jeupe, lililosagwa laini kama unga. Maana yake ilikuwa rahisi: moto mdogo ukitokea, kishindo kitainua vumbi jeupe pamoja na jeusi, na vumbi jeupe halishiki moto. Litauzima. Lakini makaa yanaendelea kutulia juu yake kila siku, kwa hiyo ni lazima limwagwe tena na tena, na mahali pakianza kuonekana kijivu pana hatari.

Injinia alitafuta mtu wa kazi hiyo. Papa Télesphore, kapita mwenye mshahara mzuri na watu chini yake, alivua ukapita wake akaomba kubeba magunia. Watu walimcheka. Wengine walisema msiba umemharibu kichwa. Yeye alifanya kazi yake hasa Jumapili, mgodi unapokuwa kimya, baada ya misa ya kwanza. Mwandishi wa wasifu huu alishuka naye mara kadhaa. Alitangulia na koleo, akirusha vumbi juu na pembeni, na njia ikawa inafunguka nyeupe nyuma yake. Mwanga wa taa ulirudishwa na kuta, ukaona mbali, mahali ambapo hujawahi kuona. Vumbi lilielea hewani muda mrefu, likashuka polepole juu ya kofia, juu ya kope. Mtu alisahau kama amesimama au anatembea. Papa Télesphore alisimama na koleo, akautazama ukuta kama alivyoutazama wa kanisa la Mpala, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumpigia kelele.

Tatizo likaja kutoka upande ambao injinia asingeweza kuuwaza. Vumbi lilianza kupotea. Jumapili njia imepakwa, Alhamisi kuta zina alama za mikono, pembe nzima ziko tupu na nyeusi. Bwana Edouard alikasirika. "Nani nakula mavumbi?" aliuliza kila mtu. "Mavumbi hii si bukari!" Jina la ugali wetu alikuwa amekwisha kulijua. Aliweka mlinzi, naye mlinzi akawa wa kwanza kuchota.

Sisi tulijua. Tangu mababu, udongo mweupe tunaouita pemba ni baraka. Mama humpaka mtoto mchanga kifuani, mgonjwa hupakwa usoni, aliyefiwa hupakwa anapotoka katika kilio. Sasa wachimbaji waliona njia walimokufa ndugu zao kumi na tisa imepakwa nyeupe kutoka mlangoni hadi mwisho. Walifikiri nini? Walifikiri hatimaye mgodi umefanya jambo la haki: umewapaka wafu pemba. Na pemba iliyolala na wafu, ikipanda juu, ina nguvu kuliko ya mtoni. Kila mtu alichukua kidogo tu, kwenye kona ya kitambaa, kwa mtoto mwenye homa au mke mjamzito. Hakuna aliyeona kwamba anaiba. Watu mia wakichukua kidogo tu kila siku, njia hubaki uchi.

Papa Télesphore alielewa siku alipoinua mto wa kitindamimba wake Hélène akakuta fundo la kitambaa. Alilifungua, akalitambua vumbi lake.

"Célestine," alisema, "nani ameleta hii?"

"Agathe," Mama Célestine alijibu bila kuficha. "Hélène alikuwa anakohoa. Sasa iko muzima. Unataka nirudishe kikohozi?"

Papa Télesphore alikaa kitandani akacheka, kisha akaacha kucheka. Fundo lililotoka kwa mjane wa Casimir lilikuwa limetolewa katika ukuta uliowekwa ili pasipatikane mjane mwingine. Kwa injinia asingeweza kwenda, maana Bwana Edouard alikwisha kutangaza kwamba atakayeshikwa atafukuzwa kazi, na watu wangefukuzwa kwa kosa la kuwapenda watoto wao. Kwa wachimbaji alikwisha kueleza mara nyingi habari ya moto na vumbi. Waliitikia, wakashuka, wakachota.

Jumatatu moja ya Juni 1962, zamu mbili zilipopishana mlangoni, alipanda juu ya gari la makaa. Hakuwa mtu wa hotuba, watu wakasogea karibu. Alisema kwamba ameota. Alikuwa chini, njia ni nyeupe yote, na wale kumi na tisa wameketi wameegemea ukuta, wamepumzika kama watu wa zamu iliyokwisha. Casimir alikuwa wa mwisho. "Nikamuuliza, mudogo wangu, muko namna gani? Akaniambia: Yaya, tulikuwa muzuri. Mulitufunika. Lakini kila siku watu wanakuja kutuvua nguo kidogo kidogo. Tuko tunasikia baridi." Machozi yalimshuka Papa Télesphore juu ya vumbi la mashavuni. Kisha akasema, "Ile pemba njo nguo yao. Mwenye kuichukua, ajue anamuvua nani."

Zamu ile ilishuka. Tangu siku hiyo hakuna aliyechota hata chembe. Wengine walirudisha mafundo yao, wakayafungua chini wenyewe na kuyapuliza ukutani. Naye Papa Télesphore hakuwaacha akina mama mikono mitupu. Alipopata likizo alipanda mtumbwi hadi Mpala, akachimba pemba ya kweli mtoni, akarudi na vikapu, akaigawa nyumba kwa nyumba. Hélène alipata fundo jipya.

Kwa kanisa ilikuwa habari nyingine. Marehemu alikuwa kiongozi wa sala katika kambi ya Mulimba, na Padri Michel alimwita. Kiongozi wa sala anasimamaje mbele ya watu kusema wafu wanasikia baridi? Tena anagawa udongo wa mababu kwa vikapu! Akamuuliza, "Télesphore, uliota kweli?" Marehemu akajibu, "Padri, miye niko muntu wa ndoto tangu utoto." Padri alisema hilo si jibu. Marehemu alikubali kwamba si jibu, wala hakuongeza. Akaondolewa katika uongozi wa sala, na mwaka mzima alikaa benchi la nyuma, yeye ambaye sauti yake ndiyo iliyoanzisha nyimbo. Ilimuuma kuliko alivyowaambia watu wa nyumbani. Hata sisi familia hatujui kama aliota. Mama Célestine aliyelala pembeni yake anasema juma lile hakulala kabisa.

Alhamisi tarehe 5 Septemba 1963, kabla ya saa sita mchana, gesi ilishika moto tena. Chini walikuwepo wanaume thelathini na wanne, mwandishi wa wasifu huu akiwa mmoja wao, karibu na reli ya pili. Kwanza tulisikia upepo, halafu kishindo, halafu mwanga mwekundu ulikata kona ukatujia. Mbele yetu njia nzima ikainuka. Kuta zilijivua weupe wao, hewa ikawa nyeupe, hatukuonana. Hatukusikia chochote. Ilikuwa kama kusimama ndani ya wingu. Tulingoja kufa, kila mtu mahali pake, na kufa hakukuja. Mwanga mwekundu ulififia ndani ya ule weupe, ukawa wa chungwa, ukawa hakuna. Kisha mtu mmoja akakohoa, na wa pili, na tukajua tuko wangapi kwa vikohozi.

Wake zetu walikuwa wamekwisha kufika mlangoni wanalia. Tulitoka mmoja mmoja, weupe kutoka kichwani hadi miguuni, na mama mmoja alikimbia akidhani ni mizimu. Papa Télesphore alisimama pembeni akitutazama tunavyopita, midomo ikihesabu. Wa mwisho alipotoka, yeye alikaa chini kwenye reli. Mama Agathe ndiye aliyemfuata pale. Aliketi karibu naye, akampangusa vumbi begani, akasema, "Sasa lala, yaya." Jumapili iliyofuata Padri Michel alimwita mbele aanzishe wimbo. Sauti ilimtoka nusu tu, lakini kanisa lilimalizia.

Vita ilipoingia mjini mwaka wa 1964, familia ilikimbilia Mpala, na mgodi ukasimama. Miezi ile marehemu alikuwa mtu wa wasiwasi, akihesabu jinsi njia zinavyozidi kuwa nyeusi bila yeye. Tuliporudi, alipita Mulimba kwanza kabla ya kuona kama nyumba yake ina paa. Halikuwepo. Alirudi jioni akiwa amefurahi, akasema chini kunahitaji magunia tu.

Kikohozi kilianza masika ya mwaka huu. Daktari alisema mapafu yamechoka kwa miaka mingi ya makaa, na vumbi jeupe nalo halikuyahurumia. Marehemu hakubishana. Aliwafundisha vijana wawili kazi yake, akawaonya wasiangalie ukuta sana. Alilala mchana mwingi, na ndoto zilirudi, za ziwa na mitumbwi. Jumatatu tarehe 9 Agosti 1965, saa tisa alasiri, upepo wa kiangazi ukivuma kutoka ziwani, aliamka akamwambia Mama Célestine kwamba alikuwa anapiga kasia na Casimir. "Mulikuwa munaenda wapi?" mkewe aliuliza. "Hatujafika," alijibu. Akafumba macho, na hakuamka.

Marehemu ameacha mjane, Mama Célestine. Watoto wanne, Victorine, Anatole, Claire na Hélène. Na watoto watatu wa marehemu Casimir, ambao wamemwita Papa tangu 1961. Ameacha shemeji yake Mama Agathe.

Karani wa parokia, aliyenakili wasifu huu, alipofika hapa alisema orodha imetosha. Mama Célestine alikataa. Alisema majina ya wanaume thelathini na wanne wa Alhamisi ile yaandikwe yote. Karani akamweleza kwa upole kwamba hao si jamaa, na karatasi ni ndogo. Mama Célestine akamwambia: "Wale kumi na tisa mulipowazika, mulisoma majina yote, na karatasi ilitosha. Hawa kwa sababu wako wazima, njo hamutaki kuwahesabu?"

Yameandikwa nyuma ya karatasi hii, ukurasa mzima. Kila atakayesikia jina lake aitike na kusogea kwenye jeneza, kwa maana ninyi ndio mtakaombeba. La kwanza ni Élisée, naye yupo.

Mungu ampe Papa Télesphore usingizi ule wa amani aliotupatia sisi.